Moto wa Kijani Jikoni kwa Bibi

Nilipokuwa na miaka minane, hakuna nilichokiogopa nyumbani kwetu Igoma kama moto wa kijani. Bibi, mama yake baba, alituambia kwamba moto ukibadilika rangi, mchawi yuko jikoni.

Baba mdogo alikuwa anaumwa wiki nzima. Mkewe, Mama mdogo Koku, alitoka Kagera kwa wakulima wa kahawa, na alikuja na vitu vyake katika boksi la mbao ambalo baba yake alikuwa akihifadhia dawa ya kupulizia mibuni. Pembe zake zilikuwa bado na unga wa buluu. Lilipovunjika, likatupwa nyuma ya nyumba, chini ya upenu.

Asubuhi moja Mama mdogo aliniambia niongeze kuni, yeye akaenda bombani. Kuni zilikuwa zimelowa mvua. Nikabandua ubao wa lile boksi, nikausukuma chini ya sufuria ya uji. Alirudi, akainama kuchochea, na hapo hapo moto ukawa kijani kama jani bichi. Bibi alikuwa amesimama mlangoni.

"Nani amewasha huu moto?"

Nilijibu haraka: "Mama mdogo."

"Mama, mimi ndiyo kwanza natoka bombani!"

"Nyamaza! Mwanangu anakufa humo ndani, wewe unafanya mambo yako jikoni kwangu?"

Mchana huo alipandishwa basi la Bukoba na nguo zake kwenye mfuko wa rambo. Hakuna aliyemfuata. Baba mdogo alipona kwa vidonge vya malaria.

Kidato cha tatu, mwalimu wa kemia alichovya waya kwenye chumvi ya buluu, akaushika juu ya moto wa spiriti. Kijani kile kile.

"Hii ni shaba," alisema. "Chumvi yake wakulima wa kahawa huipulizia mibuni, wanaiita mrututu."

Nilikaa sakafuni.

"We vipi, umeona jini?" mwenzangu alinicheka.

Jumamosi nilimweleza Bibi yote: chumvi, shaba, rangi. Alisikiliza huku anachambua mchele, kisha akauliza jambo moja tu.

"Huo ubao aliuweka nani?"

"Mimi, Bibi."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Siku hizi ndugu wakibishana kuhusu mambo ya zamani, huniita mimi, kwa kuwa sisahau. Kweli sisahau. Shaba ndiyo iliyogeuza moto rangi. Aliyesema "Mama mdogo" ni mimi.