Siku Gari la Moshi Liliponitii

Nakiri mbele yenu, wenzangu, kwamba niliporudi hapa mtaani kwetu Dunda nikajidai kuwa huko Udachi hata gari la moshi lilinitii, sikusema uongo, ila niliacha kusema kwamba sikuwa nimeliamuru, na kwamba nusura niue watu.

Nilipelekwa kule na Mdachi mmoja mnunuzi wa sandarusi, ule utomvu wa kutengenezea vanishi, aliyekaa Bagamoyo miaka mingi, nikamfundishe Kiswahili mpwa wake aliyetaka kuja huku (hakuja, ngeli zilimshinda). Siku tuliyosafiri kwa gari la moshi huko kwao, wenyeji walikwisha kutangaza kuwa baridi imekwisha, miti imechipua, na makoleo ya theluji yote yamefungiwa ghalani. Sasa theluji, kwa asiyewahi kuiona, ni kama sufi inayomwagika kutoka juu, ila sufi hii inauma, na asubuhi ile ikamwagika mpaka magotini, na mwenye ufunguo wa ghala akakataa kufungua mpaka apate karatasi ya ruhusa kutoka mji wa mbali, karatasi ambayo ingeletwa na gari lile lile lililokwama. Basi tukasimama kwenye stesheni ndogo, tukaambiwa tungoje, njia mbele imefukiwa na theluji, na vibarua wanaifukua kwa makoleo ya kuazima mashambani.

Bwana wangu na abiria wengi wakaingia mkahawani kunywa kahawa, mimi nikabaki garini na baridi yangu. Dada yake bwana alikuwa amenipa shali nene nijifunge kichwani, lakini nilipojitazama kwenye kioo cha dirisha nikaona bibi kizee, nikasema hapana, mtu wa Bagamoyo hatembei ugenini hivi. Nikatoa tarbushi yangu nyekundu ya kuvalia Idi, nikaivaa na koti la kuazimwa lenye vifungo vya shaba, nikashuka, nikasimama kando ya gari kifua mbele (na watoto waliokuwa madirishani wakanipungia, nikazidi kuvimba).

Nilichokuwa sijui ni kwamba katika nchi ile, mwenye kofia nyekundu stesheni ndiye mwenye amri ya gari, na akiinua mkono gari linaondoka. Mwenyewe, mkuu wa stesheni, alikuwa ndani anaota moto, kofia yake imetundikwa ikauke. Mimi nikamwona bwana wangu dirishani mwa mkahawa, nikainua mkono kumwashiria atoke anipe japo kahawa, filimbi ikalia, na gari likaondoka.

Abiria wakatoka mbio na vikombe mikononi. Bwana akaniuliza, "Hamisi, umefanya nini?" Nikamwambia sikufanya kitu, Bwana, nimeinua mkono tu. Akanitazama kichwani, akafumba macho. Hapo akatokea mkuu wa stesheni kichwa wazi, anapiga kelele kwamba vibarua wako njiani, na dereva akachungulia nyuma, akamwona, akaendelea na safari, maana mtu asiye na kofia si mtu wa kusikilizwa.

Nilipoelewa neno hilo vibarua, miguu ilianza kukimbia kabla yangu. Nikalifuata gari kwa Kiswahili, "Simama! Simama!", kanzu imelowa mpaka kiunoni, nikaanguka mtaroni, nikaamka, nikaanguka tena, na kila hatua namwomba Mungu asiandike damu ya mtu juu ya mkono wangu. Nikalikuta gari limezama katika rundo la theluji mpaka kwenye bomba la moshi. Vibarua walisikia mngurumo wakapanda ukingoni, wote wazima, isipokuwa kapu la chakula chao lililokwenda chini ya magurudumu. Nikakaa chini nikalia, na sikuona haya.

Wakubwa wa reli wakaja na vitabu vyao. Dereva akasema, "Mimi natazama kofia. Uso si kazi yangu." Wakamsifu. Mkuu wa stesheni akaulizwa kwa nini aliivua yake, akaenda kuivaa. Zamu yangu ilipofika wakaona karatasi yao haina mahali pa kumwandika mtu mwenye kofia asiye na kazi, wakashauriana kwa kirefu, mwisho wakaandika kwamba kosa ni la theluji.

Lakini mnyapara wa vibarua, mzee mwenye masharubu yaliyoganda barafu, hakuwa na kitabu. Nilitaka kumwomba radhi, Kidachi chote kikanitoka, nikajikuta namwambia shikamoo. Akanipa koleo. Nikafukua pamoja nao mpaka alasiri, viganja vikachubuka, na walipopumzika mmoja wao akakata kipande cha mkate aliopewa na abiria, akaniwekea juu ya ukingo bila kunitazama.

Mkate ule ulinifunza kuliko kelele zote za stesheni. Tangu siku hiyo, nikifika mahali penye kazi za watu nisizozijua, huuliza kwanza nisimame wapi, na hata inzi akitua puani, simfukuzi mpaka nijue mkono ukiinuliwa pale maana yake nini.