Watano wa Mbiu Waliorudi Bila Bi Chungu

Mpaka leo nikifungua boksi la vitabu vipya, pua yangu hutafuta kwanza harufu ya mafuta ya taa, na isipoipata hununa. Kosa ni la treni. Majarida ya utotoni mwangu yalifika Shinyanga ndani ya behewa la vifurushi, yakiwa yamebanana na madumu na magunia ya watu, hivyo yaliposhushwa stesheni yalinuka wino, turubai na mafuta ya taa kwa pamoja. Kwetu Ngokolo harufu hiyo ilikutana na nyingine iliyojaa hewani msimu mzima wa pamba, ile harufu nzito ya mbegu zinazokamuliwa mafuta, ambayo wageni waliilalamikia na sisi wenyeji hatukuisikia. Baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akawa anarudi jioni na nyuzi nyeupe kwenye nyusi kama mzee wa miaka tisini. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati wa foleni, wa unga wa njano na wa chai kavu. Watu wazima wanaukumbuka mwaka ule kwa shida zake. Mimi naukumbuka kwa sababu ndio mwaka ambao Watano wa Mbiu walirudi.

Kwa asiyewafahamu, Watano wa Mbiu walikuwa mashujaa wa jarida la katuni lililotoka kila mwezi, mpaka karatasi zilipoadimika nchini likapotea miaka miwili. Wao walikuwa watu wa kawaida wenye shughuli zao, lakini mbiu ikipigwa kilimani walikusanyika na kuwa jeshi. Palikuwa na Nyundo, mhunzi ambaye ngumi yake ilipasua miamba. Palikuwa na Mwewe, aliyeruka. Palikuwa na mapacha Kulwa na Doto. Alichokisikia mmoja akiwa bondeni, mwenzake alikisikia akiwa ng'ambo ya mto. Wa tano alikuwa Bi Chungu, mama mnene wa makamo, aliyetembea na chungu kichwani ambacho chakula chake hakikuisha. Hakupigana hata siku moja. Alipika, maadui walinusa, wakaja, wakala, na mtu aliyeshiba ugali wa Bi Chungu hakuwa na hamu tena ya kumchoma mtu mkuki. Nakiri kwamba zamani nilimwona ni wa kujazia nafasi tu. Nilimpenda Mwewe.

Aliyempenda Bi Chungu ni Kabula, binti wa mjomba wangu, aliyeletwa kwetu mwaka ule kutoka Ushetu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu, mwenye vidole vilivyobaki na rangi ya tumbaku hata alipovisugua kwa majivu. Kwao shule ilikuwa mbali na mashamba ya tumbaku yalikuwa karibu, kwa hiyo alikuwa amejifunza kufunga majani kwenye vijiti kabla hajajifunza kuunganisha herufi. Hapa mjini aliingizwa pamoja na mimi, darasa la tatu, na yeye akakaa nyuma magoti yakigonga dawati. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta neno moja moja, na akikosa aliweka la Kisukuma akaendelea bila wasiwasi. Mama alimtetea kwa kila mtu, lakini makubaliano yake na kaka yake yalikuwa wazi: Kabula atakaa mpaka mavuno, na kama masomo yamegoma, Mjomba atakuja kumchukua arudi kusaidia shambani. Sote nyumbani tulilijua hilo, Kabula kuliko wote. Nikimkuta nyuma ya nyumba akitazama majarida yangu ya zamani, akivuta kidole polepole juu ya chungu kile, nilijua anahesabu miezi.

Sasa nije kwenye matoleo mapya, maana nilikuwa mhakiki mkali kabla sijajua kwamba kuna kazi ya namna hiyo. Aliyeyapata wa kwanza alikuwa Masanja, jirani yetu wa darasa la tano, ambaye baba yake alifanya kazi stesheni kwenye ofisi ya vifurushi. Toleo la kwanza lilikuwa na jalada la rangi mbili, nyekundu na buluu, nasi tuliozoea nyeusi na nyeupe tulilipokezana kwa ncha za vidole. Mchoraji alikuwa mpya. Moshi aliujua, ungeweza kukohoa ukiutazama, na upepo aliujua pia. Nyuso ndizo zilimshinda. Watu wote walikuwa na pua moja, mpaka mbuzi. Nyundo alikuwa ameota misuli mpaka shingo ikapotea. Nikafungua na kufungua nikimtafuta Bi Chungu, kwa ajili ya Kabula, nisimwone. Mahali pake alisimama kijana wa miwani nyeusi aitwaye Kombora, mwenye bunduki ya kurusha mwanga. Hakuna aliyeeleza yule mama alikwenda wapi. Toleo la pili lilikuwa mbio za magari mwanzo mpaka mwisho. La tatu ndilo lililowarusha roho wavulana wa mtaa: mlanguzi mmoja alikuwa ameficha sukari ya nchi nzima ndani ya ghala, Kombora akalilenga, ghala likalipuka kurasa mbili nzima, na wananchi wakapiga makofi.

Ngokolo ikagawanyika. Wapo waliosema matoleo mapya ni kiboko, wakiongozwa na Masanja, na wapo waliosema Watano bila Bi Chungu ni Wanne na mhuni mmoja. Hayo ya mwisho yalikuwa maneno yangu. Mahali pengine watoto wangebishana mpaka wachoke. Sisi tulikuwa watoto wa Wasukuma, na kwa Wasukuma ubishi wa namna hiyo una utaratibu wake. Baada ya mavuno, pande mbili za wacheza ngoma hupambana kwenye uwanja mmoja, saa ile ile, kila upande na manju wake wa kuongoza nyimbo na vituko vyake, na hakuna mwamuzi wa kupuliza filimbi. Watazamaji huamua kwa miguu. Utakaovuta watu wengi ndio umeshinda, na ulioachwa na nyasi hufungasha. Sitazitaja pande hizo kwa majina, kwa sababu mpaka leo nikitanguliza moja kuna ndugu wa upande wa pili ataninunia. Basi tukakubaliana: Jumamosi, kwenye uwanja wa bomba la maji, Masanja atasoma matoleo mapya upande mmoja, sisi tutasoma ya zamani upande wa pili, na watu waamue.

Wasomaji wa upande wetu tulikuwa wengi, lakini nilimchagua Kabula. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya shamba, na akisimulia picha ungedhani alikuwepo. Kwamba hajui kusoma niliona ni jambo dogo la kufunikwa. Wiki nzima nilimsomea toleo lile ambalo Bi Chungu anawalisha majambazi arobaini, ukurasa baada ya ukurasa, naye akameza kila neno mpaka akawa ananisahihisha nikiruka. Aliniuliza mara moja tu kama huko si kudanganya. Nikamwambia hata manju hasomi popote, anaimba kutoka kichwani. Nililiona ni jibu la akili sana.

Ijumaa Mjomba akafika. Alikuja kwa mambo mawili, kutazama ngoma za mjini na kumchukua binti yake, na la pili alilitaja akiwa bado hajavua kofia. Mama alimwomba asubiri mtihani. Mjomba akasema kwa upole kwamba mwalimu amekwisha kumwandikia, barua kasomewa, na mabani ya kukaushia tumbaku hayasubiri mtihani. Kabula alimpigia magoti babake, akampa maji, akatoka nje.

Jumamosi watu walikuwa wengi bombani, wenye ndoo na wasio na ndoo. Tulikuwa tumechimbia dawa ya mvuto mahali petu pa kusimama kama wacheza ngoma wafanyavyo; dawa yenyewe ilikuwa mkaa na pilipili, na nadhani kazi yake kubwa ilikuwa kunipigisha chafya. Masanja alianza kwa kishindo, mlipuko baada ya mlipuko. Kabula akainua jarida lake juu, picha zikiwatazama watu, akaanza na sauti yake ya shambani. Mmoja akahama kwa Masanja, kisha watatu, kisha akina mama wa foleni wakageuza shingo. Mjomba alikuwa amesimama katikati, mikono nyuma, anavyosimama mtu anayezijua ngoma. Masanja alipoona nyasi zinaanza kuonekana mbele yake, akaja. Hakuja kwa ubaya, nasema ukweli. Alikuwa na shaka tu. Akalichukua jarida mkononi mwa Kabula, akafungua ukurasa wa barua za wasomaji usio na picha hata moja, akaweka kidole. "Soma hapa," akasema.

Kabula alikitazama kile kidole. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana ujanja ulikuwa wangu na aibu ilikuwa yake. Nyuma yangu mtu mmoja akacheka, na wachache wakaanza kuondoka.

"Sijui kusoma," alisema Kabula, kwa sauti ile ile ya kusikika mbali. "Haya nimeshika kichwani. Lakini nina swali. Hawa wapya wamepigana matoleo matatu. Wamekula lini?"

Akamwomba Masanja toleo la tatu, akalifungua kwenye ule mlipuko, akauzungusha mbele ya watu wote. Akasema moshi umechorwa vizuri, mtu yule ana mkono. Kisha akagusa ghala. "Humu mlikuwa na sukari. Wameipiga, imeungua yote, na watu wanapiga makofi. Hao watu wakirudi nyumbani, chai wanakunywa na nini?"

Mama mmoja aliyekuwa anaondoka na ndoo kichwani alicheka mpaka maji yakamwagikia shingoni. Akaitua ndoo, akaikalia ukingo. Wale waliokuwa wameanza kwenda wakarudi, na Kabula akaendelea, akiwa na jarida jipya mkono wa kulia na la zamani mkono wa kushoto, akiwapitisha picha kwa picha: Mwewe wa sasa anaruka vizuri kuliko yule wetu, tazameni nguo inavyovutwa na upepo, lakini angalieni mashavu ya watoto walio chini yake, yamebonyea, na yeye anapita tu. Bi Chungu angeshuka. Nimesoma tahakiki nyingi tangu siku ile na nimeziandika nyingi zaidi, na sijaona iliyokwenda moja kwa moja kwenye moyo wa kitabu namna ile. Mwishoni upande wa Masanja ulibaki na mbwa. Masanja mwenyewe alikuwa ameketi mbele kabisa kwetu, mdomo wazi.

Nyumbani Mama aliogopa kumtazama kaka yake. Akaanza yeye kusema kwamba mtoto kajitahidi, ila ni kweli, mwenyewe kakiri mbele ya watu kwamba hajui kusoma.

"Nimemsikia," Mjomba akasema. "Watu nao wamemsikia, na wamerudi." Akaifikicha kofia yake. "Kama hajui kusoma anavuta watu hivi, akijua itakuwaje? Abaki."

Kabula alikuwa mlangoni. Alisema "wabeja, baba," asante ya Kisukuma, akaenda nyuma ya nyumba, na huko nilimkuta akilia kwa sauti. Nikamwomba msamaha kwa ujanja wangu. Akanijibu kwamba kuanzia kesho nimfundishe herufi, na nisimpe kitu chochote cha kushika kichwani. Ndivyo tulivyofanya, kila alasiri, kwa majarida yale yale yanayonuka mafuta ya taa. Barua ya kwanza aliyoandika maishani aliimaliza baada ya miezi mitatu, mistari minne, kwenda kwa mhariri wa Watano wa Mbiu, kuuliza watu wale wanakula lini. Hatukujibiwa. Ila katika toleo la nane, pembeni kabisa mwa picha ambayo Kombora anakimbia, palionekana mafiga matatu na chungu kinachofuka moshi. Moshi ulikuwa mzuri sana. Huenda mchoraji alijaza nafasi tu. Sisi hatukukubali hilo hata kidogo, na nakiri kwamba mimi bado sijakubali. Toleo la tisa halikutoka.

Siku hizi watoto wanayo yote tuliyoyakosa. Mashujaa wao wanaruka kwenye simu, kwa rangi zisizohesabika, na hawangoji treni. Siwaonei wivu wala siwasikitikii. Nina uhakika wana bomba lao la maji mahali fulani wanapobishania. Mwaka jana nilikwenda Runzewe kumtembelea Kabula, ambaye amekuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi na amebakiza michache astaafu. Jambo la kwanza alilofanya alipokabidhiwa shule ile lilikuwa kuwaita wazazi wajenge jiko, na mpaka leo vipindi havianzi kabla ya uji. Tulikuwa tumekaa ofisini kwake mtoto mmoja wa darasa la tatu alipoingia, akatuamkia shikamoo, akamwonyesha daftari. Alikuwa amechora kikosi chake mwenyewe cha mashujaa, sita, wote wenye mabawa. Kabula aliivaa miwani, akaisifu mikono yao, akasifu mawingu. Kisha akauliza wanakula wapi. Mtoto aliitazama kazi yake, akaona kweli pamepungua kitu, akachukua penseli mezani na kuanza kuchora sufuria. Akasita.

"Mwalimu, niichore ya watu sita?"

Kabula alinitupia jicho juu ya miwani. "Ongeza," akamwambia. "Tuna mgeni."