Daktari Aliyeniombea Kwanza

Niseme ukweli: niliogopa kupona. Kwetu Wachaga mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi mitatu. Analishwa mtori wa ndizi na nyama, anaogeshwa na mama mkwe, na mume analala kwingine. Siku ya kutoka ndani, mume naye anarudi chumbani. Na daktari wa hospitali kubwa, aliponipasua kumtoa mtoto wangu wa nne, alikuwa ameniambia kizazi kimechanika. "Mimba nyingine, mama, itakuua. Ufungwe kizazi kabla hujarudiana na mzee." Hakunifunga palepale kwa sababu alitaka sahihi ya mume, na mume alikuwa mpakani Namanga kufuata mali ya duka. Baadaye mume alisaini karatasi, shingo upande, akanionya nisimwambie mama yake. Nikapeleka ile karatasi hospitali. Nyuzi za kushonea hakuna, dawa ya usingizi hakuna, njoo mwezi ujao. Mwezi ujao ukaja, wimbo ni uleule.

Ndiyo ile miaka madaktari walikuwa wameruhusiwa tena kufungua hospitali zao wenyewe. Mmoja alifungua yake huko Maji ya Chai, nje ya mji, safi, ina chumba cha upasuaji. Nikamuaga mama mkwe kwamba nampeleka mtoto kliniki, nikaenda. Huyu daktari hamtibu mgonjwa kabla ya kuomba. Akanishika mkono, akafumba macho, akaniombea mpaka machozi yakanitoka. Nikasema moyoni, jamani, hapa nimefika.

Kisha akaisoma karatasi yangu, akanirudishia.

"Mama, hii kazi siifanyi. Imani yangu hainiruhusu."

"Basi niambie nani anaifanya."

"Nikikuelekeza, nitakuwa nimeifanya mimi."

Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha. Mtu mkali ningegombana naye. Nilitoka pale, nikapanda basi la kurudi mjini bila hata kumfunika mtoto vizuri.

Nyumbani Engutoto nikaanza maigizo. Kila asubuhi nashika tumbo: "Mama, kidonda bado kinauma." Miezi mitatu ikaisha, mtori ukaendelea. Nikanenepa mpaka majirani wakauliza kama ninauguzwa au ninanoneshwa kwa Krismasi. Wao walicheka. Mimi usingizi sikuupata. Nilikuwa nawatazama wanangu wanne wanakula, najiuliza nani atawapakulia. Mume alianza kununa, amechoka kulala sebuleni. Mipira ya kiume alisema ni mambo ya wahuni. Na Namanga alikuwa anakwenda kila wiki, miaka ile ya Ukimwi. Niliogopa akirudi chumbani, na niliogopa asiporudi.

Siku moja mama mkwe ananiogesha, akaacha kopo ndani ya ndoo.

"Kidonda kimepona tangu mwezi juzi. Nakuosha kila siku, unanifanya kipofu?"

Nikamwambia yote. Nilitegemea anifungashie virago nirudi kwetu, maana kwao kufunga kizazi ilikuwa aibu. Alimaliza kuniogesha. Halafu akajifunga kitenge, akambeba mtoto.

"Vaa. Twende kwa huyo mlokole wako."

Daktari alisimama alipomwona mama mtu mzima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkwe wangu umemkataa kwa nini?"

"Mama, mikono yangu haiwezi kufanya kitu ambacho..."

"Mikono yako kaa nayo. Nataka karatasi. Andika ni nani anayefanya, na wapi."

Mama mkwe akamtoa mtoto mgongoni, akamlaza mezani kwake, juu ya mafaili.

"Haya, mpokee kabisa. Mama yake akifa, wa kumlea ni wewe."

Mtoto akaanza kurusha miguu. Daktari alimtazama, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye anaogopa. Akavuta kalamu. "Niwaombee kwanza?" akauliza.

"Andika kwanza," mama mkwe akasema.

Akaandika jina la daktari mwenzake mjini, na chini yake: mgonjwa huyu nilimchelewesha mimi, tafadhali msimcheleweshe tena.

Tulipokuwa barabarani tunangoja basi, mama mkwe akaniuliza bila kunitazama, "Mwanangu ameshaingia chumbani?"

"Ameingia."

"Lini?"

"Jumamosi iliyopita."

"Baada ya huyu kukukatalia?"

"Baada, Mama."

Akakaa chini, palepale kwenye vumbi, mtu mzima na kitenge chake kizuri, mtoto kamkumbatia. Sijawahi kumwona akikaa chini barabarani, kabla wala baada ya siku ile.

Kwa kuwa nilikuwa nanyonyesha, siku zangu zilikuwa hazijarudi, kwa hiyo hapakuwa na cha kuhesabu. Yule daktari wa mjini alikataa kunifunga mpaka apate uhakika, na tulisubiri wiki tatu. Mama mkwe aliendelea kunipikia. Mimi sikuweza kumeza.

Mimba haikuwepo. Nilifungwa, nikapona, nikatoka ndani, wanangu nikawalea wote wanne. Lakini mpaka leo mtu akinishika mkono na kusema tuombe, ule mkono mwingine unakwenda wenyewe tumboni.