Chiriku wa Shemeji Wametoka Rangi

Jamani, nimekuja hapa internet kafe niwasimulie.

Shemeji yangu wa Bondeni siku hizi anauza ndege hai. Leo alikuwa na chiriku wa Kipengere, wale wa kahawia wanaopatikana milimani huku kwetu tu. Kawanasa kwa ulimbo, miguu bado inanata!

Kwa kuwa mnunuzi kutoka Dar anataka ndege wa njano, kawachovya kwenye rangi ya mikeka. Ndiyo, ile ile ya kuchemshia ukindu.

Mimi kwa huruma nikawawekea beseni la maji.

Wakaoga.

Maji yakawa njano, ndege wakarudi kahawia, na mnunuzi huyo hapo mlangoni anatazama.

Nikasema moyoni, leo shemeji ataumbuka.

Mnunuzi akacheka. “Mzee, safari ijayo tafuta rangi isiyotoka. Huko ninakowapeleka nako wanaoga.”

Shemeji akamshika mkono kwa mikono miwili: “Ndaga fijo, bosi.”

Kamshukuru!

Ndege mmoja alikuwa ameshakufa. Kamrushia paka, kisha akaniamuru nimwage maji.

Nimeyamwaga. Kwa ndege rangi ilitoka. Kwenye vidole hivi ninavyoandikia, sabuni imeshindwa.

Ninyi mngemfanyaje?