Siku Niliyoshindwa Kutunga Uzi

Binti yangu aliniletea habari ya Peru nikiwa nakata kitambaa cha gauni la harusi, na jambo la kwanza nililomuuliza ni nani anayetufukuza. Alikuwa ameniambia tutatembea milimani siku nne, tutalala kwenye mahema, mpaka tufike kwenye magofu ya mji uliojengwa na Wainka zamani sana. Alicheka. Alidhani nafanya utani.

Mimi ni fundi wa nguo. Duka langu liko mtaa wa Rosettenville, Johannesburg, kati ya Mreno anayeuza mikate na saluni ya dada mmoja wa Lubumbashi. Nilitoka mashariki ya Kongo nikiwa kijana, na sehemu ya kwanza ya safari hiyo niliikata kwa miguu, siku kumi na moja za milima na msitu, kwa sababu vita vilikuwa nyuma yetu. Binti yangu alijua kwamba nilitembea. Zaidi ya hapo hakujua kitu. Yeye amezaliwa Johannesburg, anafanya kazi benki huko Sandton, na Kiswahili anakielewa chote ingawa hujibu kwa Kiingereza. Tangu mama yake afariki tulikuwa tunaonana Jumapili tu. Tunakula, tunaulizana afya, anaondoka. Nilikubali kwenda Peru kwa sababu aliniomba mara mbili, naye si mtu wa kuomba mara mbili.

Tulijizoeza miezi minne. Kila Jumamosi tulikwenda kwenye jengo moja la Joubert Park, anakoishi rafiki yangu, ghorofa kumi na nne na lifti iliyokufa zamani, tukapanda ngazi na mabegi mgongoni. Wapangaji waliokuwa wakipandisha ndoo za maji walitupisha wakitushangaa.

"Mzee, unakwenda kwa nani huko juu?" mama mmoja aliniuliza.

"Siendi kwa mtu. Tukifika tunashuka."

Alitutazama kama watu waliopungukiwa na akili. Lakini miguu yangu ilipata nguvu, na binti yangu aliniambia Johannesburg yenyewe iko juu sana kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mapafu yetu yameshazoea. Nilimwamini. Nilijiona niko tayari kabisa.

Tulikuwa watu saba kwenye kundi: sisi wawili, mume na mke wastaafu, na vijana watatu waliocheka kwa kila kitu. Mwongozaji wetu alikuwa mtu mfupi, mpole, mzaliwa wa bonde lililo chini ya milima hiyohiyo. Kabla hatujaanza alitukalisha chini. Alisema kila asubuhi na kila alasiri atamuuliza kila mmoja maswali matatu: kichwa kinauma? Chakula kinakaa tumboni? Kuna kizunguzungu?

"Mniambie ukweli," alisema. "Anayesema mapema namshusha kidogo, anapona. Anayeficha namshusha amebebwa, na kuna wengine hawakufika chini wakiwa hai."

Niliitikia kwa kichwa pamoja na wenzangu. Wakati huo nilikuwa tayari nimeacha kumeza vidonge vya kuzuia ugonjwa wa milima mirefu nilivyopewa na daktari Johannesburg, kwa sababu vilinipeleka msalani kila nusu saa, na niliona aibu kuchuchumaa nyuma ya vichaka huku mwanangu akinisubiri njiani. Vilikuwa mfukoni mwa koti.

Siku ya kwanza ilipita vizuri. Jioni kichwa kilianza kunigonga nyuma ya macho. Mwongozaji alipofika kwangu na maswali yake, nilimjibu: hakiumi, kinakaa, hakuna.

Siku ya pili ndiyo ya kupanda. Njia ni ngazi za mawe walizoweka Wainka wenyewe, nyingine fupi, nyingine zinafika gotini. Nilipanda hatua kumi, nikasimama, nikapanda tena kumi. Baadaye zikawa tano. Binti yangu alikuwa mbele na kila mara aligeuka kunitazama, nami kila mara nilimpungia mkono kwamba aendelee. Alipopotea kwenye kona nilikwenda nyuma ya jiwe nikatapika uji wote wa asubuhi, kisha nikaufukia kwa kiatu. Nilifanya haraka, kama mtu anayeficha wizi.

Tulifika kambini kama saa nane mchana. Kesho yake alfajiri tulitakiwa kuvuka mahali pa juu kuliko pote katika safari nzima. Mwongozaji akaja na maswali. Hakiumi, kinakaa, hakuna. Alinitazama kidogo zaidi ya jana, akaenda kwa mwingine.

Mpagazi mmoja, kati ya waliotubebea mahema, alikatikiwa na mkanda wa mzigo wake. Binti yangu, kwa fahari, akamwonyesha kwa ishara kwamba baba yake ni fundi. Nilikuwa na sindano na uzi mnene, kama siku zote. Nikakaa juu ya jiwe, nikashika sindano, nikapeleka uzi. Haukuingia. Nikaulamba, nikaujaribu tena. Mara ya nne nilianza kuona sindano mbili. Mpagazi alichuchumaa mbele yangu akingoja kwa adabu. Binti yangu, aliyekua akiniona natunga uzi huku nikibishana na wateja, bila hata kuangalia mkono, alikuja akainama karibu yangu.

Akanisemesha kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, ili wengine wasielewe.

"Papa, unaumwa."

"Ni macho tu. Jua kali."

"Jua limejificha nyuma ya mlima. Nitazame. Umeanza lini?"

"Usimwambie yule bwana."

"Kwa nini nisimwambie?"

"Watatuacha."

"Nani atatuacha? Papa, hawa ni watalii."

Aliposimama kumwita mwongozaji nilimkamata mguu wa suruali. Nikamwambia neno ambalo hadi leo linanichoma: kwamba mama yake asingenifanyia hivyo. Uso wake ulibadilika. Akautoa mkono wangu kwenye suruali, kidole kimoja kimoja, akaita.

Mwongozaji alinitaka nitembee kwa mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Hatua ya tatu nilianguka upande wa kushoto. Alinibana kidole kwa kifaa kidogo cha kupimia hewa kwenye damu, akasoma namba, hakunitajia. Aliwasemesha wapagazi kwa lugha yao. Kisha akatugeukia.

"Tunashuka sasa hivi. Si kesho."

Msaidizi wake angebaki na wale watano kuendelea nao. Yeye angeshuka nasi, na wapagazi wawili, na mtungi mdogo wa oksijeni. Nilimwambia binti yangu abaki na kundi, magofu ni yake, ameyangojea mwaka mzima. Alikuwa anafunga begi lake.

"Eish, Papa. Nyamaza utembee."

Sikutembea mbali. Zile ngazi nilizozipanda asubuhi zilikuwa zinacheza chini yangu, na mvua nyepesi ilianza kuzilowesha. Mwongozaji alinishika mkono mmoja, mpagazi mmoja akanishika wa pili, na bado nilianguka. Nikakaa katikati ya njia, nikasema waniache hapo. Yule mpagazi mwenye mkanda uliokatika aliinama, wakanifunga mgongoni kwake kwa blanketi, kama mama afungavyo mtoto, akaanza kushuka. Alikuwa mdogo kuliko mimi kwa umbo. Nilisikia pumzi yake mgongoni mwake, chini ya kifua changu, nikalia.

Hapo mdomo wangu ukafunguka. Sijui kama ni ugonjwa. Binti yangu alikuwa pembeni yangu ameshika mtungi, mrija ukiwa puani mwangu, nami nikamsimulia kuhusu mjomba wangu, ndugu wa mama yangu. Siku ya tisa ya safari ile ya Kongo miguu yake ilivimba ikakataa viatu. Aliyekuwa anatuongoza alisema hatungoji mtu. Tulimkalisha chini ya mti tukamwachia kipande cha muhogo. Hakutusihi. Aliniomba kitu kimoja tu, nimgeuze aangalie njia. Nikamgeuza, nikaondoka. Jambo hilo nilikuwa nimemweleza mama yake binti yangu mara moja, tulipooana, na hatukulizungumzia tena.

Tulishuka muda mrefu. Niliona tu viatu vyake vikitafuta pa kukanyaga.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" aliniuliza mwishowe.

"Ishirini na miwili."

"Mimi nina ishirini na minne," alisema. "Na nisingejua la kufanya."

Mwongozaji alituzuia kila baada ya muda akaniuliza leo ni siku gani, nimetoka nchi gani, huyu ni nani. Mara mbili nilikosea siku. Mara moja nilimwita binti yangu kwa jina la mama yake, naye akaitika, ili tusipoteze muda. Kadiri tulivyoshuka, kichwa kilifunguka kidogo kidogo, kama mtu anayelegeza kamba. Giza lilipoanza kuingia tulikuwa kwenye kijiji chenye nyumba chache, nami nilikuwa nasimama mwenyewe. Wapagazi walipanda tena alfajiri kuwafuata wenzao. Yule aliyenibeba nilimpa mkono, sikuwa na lugha ya kumwambia lolote. Mkanda wake nilikuwa nimeushona kabla hawajaondoka. Uzi uliingia mara ya tatu.

Mwongozaji alitufikisha mjini, na daktari wa huko aliniweka kitandani siku mbili. Alisema kama tungelala kule juu, huenda nisingeamka. Alilisema akiandika, bila kunitazama. Binti yangu alitoka nje ya chumba, akakaa huko dakika nyingi.

Magofu tuliyaona hatimaye, siku ya sita, kwa treni na basi, pamoja na wazee na watoto wachanga. Yako chini kuliko mahali nilipougulia, kwa hiyo daktari aliruhusu. Nilitembea polepole kando ya kuta, nikachunguza jinsi mawe yalivyoungana bila saruji, mahali ambapo hata wembe usingepita. Binti yangu alipiga picha mbili tu, akaweka simu mfukoni. Kundi letu lilikuwa limeshapita siku mbili kabla.

Sikumwomba radhi pale. Nilikuwa na nafasi, sikuwa na moyo. Nilimwomba Johannesburg, ndani ya gari lake, tukitoka uwanja wa ndege, tumesimama kwenye roboti, zile taa za barabarani.

"Lile neno kuhusu mama yako," nilisema. "Nisamehe."

"Ulikuwa mgonjwa, Papa. Kichwa hakikuwa sawa."

"Kichwa kilikuwa sawa wakati huo. Nilitaka likuume ili uniache."

Alikaza mikono kwenye usukani. Taa ikawa kijani, na teksi iliyokuwa nyuma yetu ikapiga honi.

"Liliuma," alisema, kwa Kiswahili, akaondoa gari.

Tulifika Rosettenville. Nilidhani atanishusha mlangoni aende zake Sandton, siku ile ilikuwa Jumanne na kesho yake alikuwa na kazi. Alizima gari, akashusha mabegi yote mawili, akaniuliza kama ndani kuna unga wa ugali au apite dukani.