Pini Kumi na Mbili

Fundi cherehani wa Chikongola ana pini kumi na mbili tu, na nguo haitoki kibandani mwake mpaka zote zirudi kwenye kipande chake cha sponji. Akishazihesabu, huzihesabu tena. Kisha hupitisha kiganja ndani ya nguo, pindo kwa pindo, kama anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Wateja humsifu kwa umakini, naye huinamisha uso, maana anajua si umakini. Dawa alizopewa kliniki alikuwa akizificha chini ya vifungo, ndani ya kopo la maziwa, na kibanda kikijaa watu alikuwa hazimezi. Fundi mgonjwa wa akili, nani atampa kitambaa chake?

Jumamosi moja mteja wake Isabel alifuata gauni la komunyo la bintiye. Fundi alikuwa amelikagua mara nne, lakini alipomkabidhi tu, mkono wake ukanyooka kulidai tena. Ukaishia hewani.

“Mama, nikikuomba hilo gauni, usinipe,” alisema. “Nina ugonjwa wa wasiwasi. Natumia dawa.”

Isabel akalikumbatia gauni. “Na leo umemeza?”

“Bado.”

Fundi akafukua kidonge chini ya vifungo. Isabel akammiminia maji, akasimama pale pale mpaka kikombe kikabaki kitupu.

Pini bado anazihesabu, ila mara mbili tu. Vidonge vinakaa juu ya cherehani, kando ya uzi mweupe. Isabel akipita kwenda sokoni humwita kutoka ng'ambo ya barabara, “Fundi, umemeza?” naye hujibu kwa sauti inayofika mpaka kwa wauza samaki: “Nimemeza, mama!”