Wali na Kunde wa Karolina Kusini

Aliyeniletea habari za kifo cha mpishi yule ni mtu ambaye ningeapa kwamba hatatia mguu hata mazishini kwake. Nilikuwa nimetoka darasani, mikono bado ina vumbi la chaki, nikamwona, mama mmoja wa Utange, amesimama kwenye lango la shule yetu hapa Kisauni, amejitanda leso, macho yamemvimba. "Shangazi ametutoka," akaniambia. "Alfajiri ya leo. Nimeona nije mwenyewe, usije ukayasikia mabarazani." Nikasema inna lillahi, ingawa marehemu alikuwa Mkristo, kwa kuwa hilo ndilo linalonitoka kinywani nikisikia msiba wa mtu yeyote. Kisha nikamtazama tena yule mama wa Utange. Mimi najua, na jiko zima la hoteli fulani ya Shanzu linajua, kwamba tangu jioni ya wali na kunde hakuwahi tena kumsalimu marehemu. Wasomaji wangu mtaniwia radhi. Juma hili nilikusudia kuandika juu ya mashimo ya barabara zetu, lakini mashimo yatangoja, hayana haraka ya kuzibwa.

Kila mtu alimwita Shangazi, hata meneja. Alikuwa mpishi mkuu, mwanamke, katika miaka ambayo hoteli za pwani zilidhani kofia ndefu nyeupe inakaa juu ya kichwa cha mwanamume tu, na alilijua hilo na akalipenda. Msinisikie nikimsifu mkaona alikuwa mtu mpole. Alikuwa na kelele, mwenye kujisikia, na akikasirika jiko zima lilitafuta kazi ya kufanya stoo. Mara moja alimwaga sinia zima la viazi kwa kuwa vimekatwa vinene upande mmoja. Lakini ndiye huyo huyo aliyezungushia waya mwekundu kwenye mpini wa sufuria ya nyama ya nguruwe, akaiweka rafu yake peke yake, ili wenzake Waislamu wasiiguse kwa bahati mbaya. Mwajiriwa mpya aliyeosha sufuria ile pamoja na nyingine alijuta kumfahamu.

Tulikutana miaka ya tisini ilipoanza, hoteli zilipokuwa zikifunga moja moja na wafanyakazi kuambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Hoteli ile ilikuwa na tumaini moja. Wakala wa utalii kutoka Marekani, mzee mmoja wa jimbo la Karolina Kusini, angekuja na mkewe na kikundi chake cha wageni, na akiridhika angeleta vikundi vingine msimu wote. Asiporidhika, jiko lingefungwa. Meneja akabuni Juma la Majimbo: kila jioni kipikwe chakula cha jimbo moja la Marekani, na kila meza iwekwe kadi yenye historia fupi ya jimbo hilo. Akanunua kitabu kinene cha mapishi, akanitafuta mimi mwalimu wa historia nikisome, nimfasirie Shangazi, niandike kadi, na jioni nisimame pembeni yake kama mkalimani. Hoteli ile ilikuwa na desturi kwamba chakula kikishaandaliwa mpishi mkuu hutoka na kofia yake na kuwaeleza wageni wanachokula. Shangazi alikijua Kiingereza, ila alisema Kiingereza chake ni cha jikoni, hakivaliwi mbele ya wageni.

Basi alasiri mimi nikisoma, yeye akiandaa. Tukaanza na Maine, jimbo la baridi la kaskazini, ambako kitabu kilisema kamba koche zamani walilishwa watumishi na maskini mpaka wakachoka nao. "Na leo sisi tunawauzia wajukuu wa matajiri wao," akasema, akacheka hadi akashika meza. Massachusetts ikawa maharage yaliyopikwa polepole na shira ya miwa, kazi ya watu wa dini waliopika Jumamosi ili Jumapili wasiwashe moto. Texas ikatupa mchuzi mkali wa nyama na pilipili, uliouzwa na wanawake wa Kimeksiko viwanjani jioni, na hapo Shangazi akagombana na kitabu kwa sababu hakikutaja tangawizi. Tulipofika Louisiana, nikamsomea kwamba bamia walizozitia kwenye mchuzi wao zilitoka Afrika. Akaacha kukata. "Zilikwendaje?" Nikamwambia zilikwenda na watu.

Jimbo la mwisho lilikuwa Karolina Kusini, kwao yule mzee, na chakula chake kilikuwa wali na kunde, ambao huliwa mwaka mpya ili mwaka uwe na heri. Nikamsomea Shangazi kwamba jimbo lile lilitajirika kwa mpunga. Wazungu waliolianzisha walijua kidogo sana habari za mpunga, wakanunua watu waliotekwa pande za Afrika Magharibi, na wale waliojua kuulima walitakiwa zaidi. Wali uliopikwa na watumwa ukawa wali wa bwana, kisha ukawa fahari ya jimbo. Shangazi aliketi juu ya gunia la viazi. Hakuwahi kuketi jikoni hata siku moja, na tendo hilo lilitutisha sote. Akanivuta karibu, akasema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo: "Mwalimu, mimi bibi yangu ni wa chomboni." Nikajua mara moja anasema nini. Alikuwa mtu wa Kengeleni, mjukuu wa mmoja wa wale waliotekwa bara, wakapakiwa, chombo chao kikakamatwa njiani, wakateremshwa hapa Kisauni wakiwa huru na bila kwao.

Msomaji ambaye si wa pwani huenda asielewe kwa nini niligeuka kutazama kama kuna aliyesikia. Kwetu jambo hili halisemwi. Katika kuposa tunaulizana, "Kwao wapi? Babu yake nani?" na swali likimfikia babu fulani, wazee hukohoa, kahawa ikaongezwa, watu wakaanza kuzungumza juu ya mvua. Tunaliita adabu. Jirani anaweza kuishi na jirani maisha mazima, akamzika mama yake na kumlea mwanawe, na asilitaje. Neno lenyewe, mtumwa, linatoka siku ya ugomvi tu, na likitoka limekusudiwa kuua. Shangazi, mwenye ulimi ule, hakuwa amewaambia hata wanawe.

Niliandika kwenye kadi, kwa sentensi moja, ni nani waliolima mpunga ule. Meneja akaifuta kwa kalamu. Sitamfanya mtu mbaya. Naye alikuwa na watoto, na hofu yake ilikuwa ya kweli. "Huyu mzee ndiye anayetulisha," akatuambia. "Mgeni haalikwi mezani akakumbushwa ya babu zake. Shangazi, sema ni wali, sema ni kunde, sema karibuni. Basi." Shangazi akafunga mdomo, akaenda kuosha mchele. Maneno yalipita jikoni haraka, na kabla ya jua kushuka mama wa Utange, aliyekuwa mkata saladi na mjane mwenye watoto shuleni, alimshika mkono mbele yetu sote.

"Shangazi, nakuomba. Nyamaza leo tu."

"Sijasema kitu bado."

"Nakujua. Ukifunga mdomo hivyo ndipo ninapoogopa. Wanangu hawali historia, wallahi. Kesho ukitaka panda juu ya paa upige kelele, mimi nitakushikia ngazi. Lakini si leo."

Shangazi akautoa mkono wake taratibu. Akasema, "Nimekusikia, dada," akarudi kwenye sufuria. Hakuahidi lolote, na sisi sote tuliona kwamba hakuahidi.

Wali ulitoka mweupe, punje moja moja, kunde zimeiva bila kupasuka, nyama iliyokaushwa kwa moshi ikiwa pembeni katika bakuli lake. Wageni walishangilia. Yule mzee alionja, akafumba macho, akasema ni wa nyumbani kwao kabisa. Meneja akapumua. Kisha Shangazi akatoka na kofia yake, nami nikamfuata. Mlangoni pa jikoni walijazana wote, mama wa Utange mbele, kitambaa cha mikono amekikunja ngumini. Shangazi akakaribisha vizuri. Akataja wali, akataja kunde. Nikafasiri. Nikadhani amemaliza, hata nikageuka nusu. Ndipo akaendelea:

"Waliopanda mpunga huu kwenu hawakwenda kwa hiari yao. Walitolewa bara letu hili, upande wa pili. Bibi yangu mimi alikamatwa upande huu. Chombo chake kilizuiwa, akashushwa hapa karibu, akaolewa, akazaa. Kingepita, hata sijui ningezaliwa wapi, na wali huu angewapikia mtu mwingine. Kwa hiyo sikuwapikia kama wageni tu. Nimepika nikiwakumbuka wale. Kuleni, nimeutia mkono wangu wote."

Nilimwona meneja akinitazama. Nikafasiri neno kwa neno, kwa kuwa sikuwa na neno jingine. Kijiko kimoja kiligonga sahani. Mwanamke mmoja wa meza ya mwisho akasimama, akaweka kitambaa chake kitini, akatoka nje bila kuaga. Mzee hakusogea. Aliutazama wali ule kana kwamba umebadilika rangi, kisha akauliza, "Bibi yako aliitwa nani?" Shangazi akataja jina, jina la bara, la zamani, ambalo hakuna mtu katika chumba kile aliyewahi kulisikia. Hapo sikuwa na la kufasiri, nikalirudia tu kwa sauti. Mzee akaitikia kwa kichwa, akala mpaka sahani ikawa tupu.

Waliondoka kwa adabu na shukrani nyingi, na hawakurudi. Hakuna kikundi kingine kilichokuja. Jiko lilifungwa msimu ule, na watu wakarudi Utange, Mwakirunge, Likoni, kila mmoja na hasira zake. Mama wa Utange alisema maneno mbele ya watu ambayo sitayaandika, kisha akaacha kusema kabisa, na miaka ikapita wakipishana sokoni kama mtu na mti. Watoto wake wawili waliacha shule. Je, ni maneno ya Shangazi yaliyofunga jiko? Sijui. Hoteli ya jirani ilifungwa mwezi ule ule, na mpishi wake hakusema lolote kwa mtu. Lakini siwezi kumwambia mjane aliyekosa mshahara kwamba ajifariji kwa hilo, wala Shangazi mwenyewe hakuwahi kujitetea hivyo. Nilimuuliza siku moja kama anajuta. "Kwa ajili ya yule dada, kila siku," akaniambia. "Kwa ajili ya bibi yangu, hata kidogo." Tangu hapo alikuwa akikaanga mahamri nyumbani na kuyauza kwa majirani, mwenye ulimi wake ule ule.

Nimefikiri sana juu ya Juma lile la Majimbo. Kila jimbo lilikuwa na chakula cha kujivunia, na nyuma ya kila chakula palikuwa na mtu aliyesimama motoni ambaye kadi haikumtaja. Ni rahisi kuwanyooshea kidole Wamarekani. Mimi ni wa nyumba ya zamani ya Likoni, na sisi hujisifu kwa biriani la bibi, kwa wali wa nazi wa bibi, kwa mkono wa bibi. Nani alikuna nazi zile? Nani alitwanga, nani alichota maji, nani alilala karibu na meko? Nilimuuliza marehemu mama yangu, naye akakohoa, akaniongezea kahawa.

Jana tulimzika Shangazi. Tuliporudi kutoka makaburini tulitarajia pilau, kama ada. Tukakuta sufuria kubwa za wali na kunde, na kando yake amesimama mama wa Utange, mwiko mkononi, jasho linamtiririka, hamruhusu mtu kugusa. Mzee mmoja akalalamika kwamba huu si wali wa matanga. "Leo hapa ndio huu," akamjibu. Chakula kikawa tayari, watu wakakaa mikekani, Wakristo na Waislamu, wazee wa nyumba za zamani na watu wa Kengeleni, wakinyoosha mikono. Akawazuia. Akasema kwamba tuliyemzika ni mjukuu wa fulani, aliyetekwa, akashushwa hapa, akaanza upya bila jamaa. Akalitamka jina lile la bara bila kosa, na alilisikia pale mlangoni tu, jioni iliyomkosesha kazi. Wana wa marehemu walikuwa wakilijua jambo hilo kwa minong'ono tu. Mkubwa wao akainamisha uso, mabega yakamtikisika. Hakuna aliyekohoa.

Kama kuna la kujifunza, nimelipata hapo mkekani. Yule mama alipotezewa mengi na jina lile, na alikuwa na kila sababu ya kulisahau. Alilibeba miaka yote hiyo pamoja na hasira yake, akalileta siku ilipohitajika. Sisi ambao hatukupoteza chochote ndio tunaosema mambo hayo ni ya kale, yaachwe. Alipofika kwangu akanipakulia, akaniuliza taratibu, "Nimelitamka sawasawa, mwalimu?" Nikamwambia ndiyo, dada, nikalirudia jina, kisha nikala.